Historia ya nyumba Mji Mkongwe: uanzie Kilimani, Wakf, kwa wazee au mlangoni?

Wanaotafuta historia ya nyumba hawana haja moja. Kuna mrithi anayetaka kujua kama nyumba ya babu ilikuwa mali yake au alikuwa mpangaji tu. Kuna anayetaka kuitengeneza, naye anahitaji kujua ukuta upi ni wa zamani na upi umeongezwa juzi. Na kuna asiyedai chochote, ila anataka kujua ni kina nani waliolala humu kabla yake. Wote hushauriwa jambo moja: "Nenda Nyaraka," yaani Taasisi ya Nyaraka, Kilimani. Ushauri huo unamfaa mmoja wao, na hata huyo hapaswi kuanzia huko.

Nitalinganisha njia za Unguja mjini, hasa nyumba za mawe za Mji Mkongwe, kisha nigusie Ng'ambo (upande wa pili wa mji), Mombasa na Dar es Salaam, maana hali hubadilika ukivuka bahari. Wakati mwingine hubadilika ukivuka Darajani tu.

Ofisi ya ardhi na Nyaraka si mlango mmoja

Huu ndio mkanganyiko wa kwanza. Daftari la ardhi linajibu swali la leo: nani ana haki juu ya kiwanja hiki sasa hivi. Zanzibar swali hilo lina jibu la namna yake. Baada ya Mapinduzi ya Januari 1964 ardhi ilichukuliwa na serikali, na nyumba nyingi za Mji Mkongwe zikataifishwa. Sheria ya Matumizi ya Ardhi ya 1992 ikaendeleza msingi huohuo: ardhi ni mali ya umma, mtu anapewa haki ya kuitumia. Kwa hiyo usitarajie daftari la kisasa likupeleke nyuma vizazi vitatu. Kumbukumbu zake ni fupi. Ila lina nguvu ya sheria, na kama una mgogoro wa mirathi au unataka kununua, huna budi kuanzia hapo, ukiwa na wakili, hata kama jibu litakuwa mistari miwili.

Taasisi ya Nyaraka iliyopo Kilimani ni kinyume chake. Kumbukumbu zake ni ndefu, nguvu ya sheria hazina. Huko ziko karatasi za ubalozi mdogo wa Uingereza wa karne ya 19, za serikali ya Sultani, za sekretarieti ya wakati wa himaya ya Waingereza, za mahakama, na hati za mauzo, rehani na wakf (mali iliyotolewa daima kwa ajili ya dini, hisani au kizazi), nyingi zikiwa zimeandikwa kwa Kiarabu. Ukipata humo hati yenye jina la babu yako, umepata historia. Hujapata nyumba. Wapo wanaotoka Kilimani na nakala mkononi wakaenda moja kwa moja kugonga mlango wa watu, na ugomvi unaofuata hauna faida kwa yeyote.

Ugumu wa Kilimani ni kwamba mafaili yamepangwa kwa idara iliyoyaandika. Hayakupangwa kwa nyumba. Huwezi kwenda ukasema "naomba la nyumba nambari fulani, Kiponda". Nambari zimebadilika, na hati za zamani hazikutumia nambari kabisa. Zilitaja mtaa, kisha mipaka minne: upande wa kibla nyumba ya fulani, suheli njia, matlai nyumba ya bibi fulani, magharibi kiwanja cha msikiti. Kwetu kibla ni kaskazini, suheli ni kusini na matlai ni mashariki; ukikosea hapo utaichora nyumba kichwa chini. Maana yake ni kwamba ufunguo wa Kilimani ni jina la mtu, la mwenye nyumba au hata la jirani. Mara nyingi hati ya jirani ndiyo inayokutajia nyumba yako, kwa kuwa kwenye hati yake wewe ndiye mpaka.

Na majina yenyewe yana mitego. Karani wa Kiingereza aliandika alivyosikia, hivyo mtu mmoja anaweza kuwa Hemed kwenye faili moja na Hamed kwenye jingine. Mfanyabiashara wa Kihindi anaweza kuonekana kwa jina lake, la baba yake, au la duka. Usisahau kutafuta "binti". Wanawake wa pwani walimiliki na kurithi nyumba kwa sheria ya mirathi ya Kiislamu, na mtafutaji anayefuata ukoo wa kiumeni peke yake huikosa nyumba iliyopita kwa shangazi.

Kuna jambo moja ambalo lazima ulijue kabla ya kuifasiri hati yoyote ya mauzo ya karne ya 19. Kwa kuwa riba ni haramu, mikopo mingi Unguja iliandikwa kama mauzo: bei ya khiyari. Mwenye nyumba "anamuuzia" mkopeshaji, lakini anabaki na haki ya kuirudisha akilipa kwa muda waliokubaliana. Wakati huo huendelea kukaa humo humo, akilipa kitu kinachoitwa kodi ambacho kazi yake ilikuwa ya riba. Kwa hiyo hati inasema nyumba imeuzwa, na kwa kweli haikuuzwa, imewekwa rehani. Ukiona nyumba moja "imeuzwa" na mtu huyohuyo mara kadhaa, usidhani karani amechanganyikiwa. Huyo alikuwa na madeni. Wenye mashamba ya karafuu wengi walikuwa na hali hiyo kwa wakopeshaji wa Kihindi, na nyumba za mjini zilifuata mkondo huohuo.

Wakf: ulizia hapa kabla ya kwengine kote

Ningelazimishwa kutoa shauri moja tu, lingekuwa hili. Kabla hujafungua faili lolote, uliza kama nyumba ni ya wakf. Nyumba nyingi za Mji Mkongwe ni za wakf, na Kamisheni ya Wakf na Mali ya Amana ndiyo msimamizi wake.

Sababu yangu ni nyepesi. Mali ya wakf haiuzwi wala hairithiwi. Nyumba ya kawaida imepita mikono kumi, na kila mkono umeacha karatasi yake mahali tofauti, au haukuacha kitu. Nyumba ya wakf ina mwanzo mmoja: mtu fulani, siku fulani, mbele ya kadhi na mashahidi, aliitoa. Hati yake hutaja mtoaji, mipaka, msimamizi, na wanufaika, na hapo kwenye wanufaika ndipo historia ilipojificha. Wengine waliuweka kwa ajili ya msikiti, visima au wanafunzi wa chuo. Wengine kwa kizazi chao. Na wengine, jambo ambalo wageni hulishangaa, waliuweka kwa watumwa waliowaacha huru na kizazi cha hao walioachwa huru. Kwa karatasi moja ya wakf unaweza kujua nani walikuwa wakiishi ndani na walihusianaje, kitu ambacho hati ya mauzo haikuambii hata siku moja.

Ukilinganisha na Kilimani, Wakf ni njia fupi zaidi lakini ni nyembamba. Ama nyumba yako imo, na umepata msingi wa kila kitu, ama haimo, na umepata jibu hilo pia, nalo si dogo. Kwa mnunuzi hasa ni zaidi ya historia: ukiambiwa nyumba ni ya wakf na mtu anakuuzia, ondoka. Anachoweza kuwa nacho ni upangaji.

Mafaili ya wakf ya zamani yako pia Kilimani, kwa hiyo hutakwepa kupanda huko. Tofauti ni kwamba utakwenda na jina mkononi.

Wazee, na namna ya kuwauliza

Karatasi za Mji Mkongwe zina shimo kubwa, na kila mtu anajua lilipo. Kuanzia 1964 daftari la nyumba iliyotaifishwa linasema mwenyewe ni serikali, basi. Lakini ndani ya nyumba hiyo waliingia watu kutoka Ng'ambo, mashamba na Pemba. Jumba lililojengwa kwa ajili ya ukoo mmoja likawa la familia tano au saba, kila moja na chumba chake, ngazi moja, bomba moja la maji. Miongo ya maisha hayo haimo katika hati za umiliki. Imo vichwani.

Ndiyo maana kwa anayetaka kujua "nani waliishi humu", wazee ni wa kwanza na karatasi ni za pili. Na kwa anayekwenda Kilimani nao ni wa kwanza vilevile, maana jina la mwenye nyumba wa zamani, lile utakaloombea faili, aghlabu hulipati ila kwao. "Hii ilikuwa nyumba ya Bwana fulani wa karafuu" ni sentensi inayokuokolea wiki nzima ya kufungua mafaili.

Udhaifu wao ni miaka. Mzee hatakwambia 1957. Atakwambia ule uchaguzi wa mwanzo. Mpe vigingi: kabla au baada ya Vita vya Pili, Sultani Khalifa alikuwa hai (alifariki 1960), wakati wa fujo za Juni 1961, kabla ya Mapinduzi, wakati Karume yu hai (aliuawa Aprili 1972). Udhaifu wa pili ni heshima. Hakuna familia inayosimulia kwamba nyumba ilikwenda kwa deni. Utaambiwa "waliiacha tu". Hapo ndipo ile hati ya bei ya khiyari inapokuwa na neno lake, lakini si neno la kumsomea mzee mbele ya wajukuu zake.

Ipo adabu na ipo hekima. Adabu unaijua: nenda baada ya laasiri, amkia ipasavyo, kaa barazani, usitoe daftari kabla kahawa haijafika. Hekima ni kutoulizia umiliki. Mji Mkongwe swali "hii nyumba ya nani?" lina historia ya maumivu, na anayekaa humo leo anaweza kudhani umetumwa na wenyewe walioondoka, walioko Muscat au Dubai. Ulizia maisha: harusi zilifanyika ukumbi upi, maji yalichotwa wapi, chini palikuwa na duka gani. Umiliki utakuja wenyewe pembeni ya hadithi.

Na usiishie barazani. Mzee wa baraza anajua nani aliingia na kutoka. Mkewe ndiye anayejua chumba kipi kilikuwa cha nani, jiko lilihamishwa lini, na ule mlango uliozibwa ulikuwa ukielekea nyumba ya jirani ili wanawake wapite bila ya kushuka njiani. Kwa historia ya ndani ya nyumba, mwanamke mmoja aliyekulia humo ananitosha kuliko baraza nzima ya wanaume.

Nyumba yenyewe

Fundi wa chokaa husoma ukuta, na kwa anayetaka kukarabati hii ndiyo njia ya kuanzia. Kuta nene za mawe ya matumbawe na chokaa, dari za boriti za mikoko: vyumba hivyo ni vyembamba na virefu kwa sababu boriti haivuki zaidi ya mita tatu hivi. Ukikuta ukumbi mpana usio na nguzo, jua kuna chuma au zege, na umeingia karne ya 20 au mwisho wa ile iliyotangulia. Plasta ya saruji juu ya chokaa ni ya jana. Nayo huua ukuta, kwa kuwa jiwe halipumui tena. Nyumba yenye duka mbele na milango ya kukunja inayofunguka moja kwa moja njiani ni nyumba ya biashara ya Kihindi. Daka (ukumbi mdogo wa mlangoni), na baada yake kiwanja cha ndani kisichoonekana kutoka nje, ni mpango wa Kiarabu au wa Kiswahili.

Mlango ndio unaopigwa picha na kila mtu, na ndio shahidi nisiyemwamini haraka. Ni kweli kwamba milango ya kichwa cha mraba, yenye maandishi ya Kiarabu juu, ni mtindo uliotangulia, na ile ya kichwa cha upinde ilishamiri mwishoni mwa karne ya 19. Ni kweli pia kwamba baadhi imechongwa mwaka wa Hijria. Kuubadili si kazi: zidisha kwa 0.97, ongeza 622. Mlango wa 1304 ni wa 1886 au 1887. Lakini huo ni mwaka wa mlango. Milango imeuzwa, imehamishwa, imepachikwa kwenye nyumba isiyoihusu na kwenye hoteli. Tazama kama fremu inakaa vizuri ukutani au imejaziwa kwa saruji, kisha ndipo uamini tarehe.

Mamlaka ya Uhifadhi na Uendelezaji Mji Mkongwe ina kumbukumbu za majengo, na kabla ya kugusa chochote unahitaji kibali chake hata hivyo, kwa hiyo unganisha safari mbili. Piga picha kila pembe kabla ya fundi kuanza. Beit el Ajaib, jengo la 1883 na maarufu kuliko yote mjini, liliporomoka upande mmoja Desemba 25, 2020. Nyumba isiyo na jina haitaandikwa gazetini ikianguka.

Ramani na picha kwa ufupi: ramani za mwisho wa karne ya 19 na ile iliyoambatana na mpango wa mji wa 1923, ulioandikwa na mpangaji miji Lanchester, zitakuonyesha kama kiwanja chako kilikuwa na jengo. Picha za studio za zamani ni nzuri kwa nyumba za Forodhani na Shangani zilizotazama bahari. Kwa nyumba ya kichochoroni Mkunazini usizitegemee. Mpiga picha hakuwa na nafasi hata ya kurudi nyuma.

Ukitoka Mji Mkongwe

Ng'ambo mizani inageuka. Nyumba zilikuwa za udongo na makuti, na wengi walimiliki nyumba bila ya ardhi iliyo chini yake. Walilipa kodi ya ardhi kwa wenye viwanja, na mwaka 1928 watu waligoma kuilipa. Kwa hiyo karatasi za huko zinamtaja mwenye kiwanja na kumsahau mwenye nyumba. Kisha baada ya Mapinduzi sehemu kubwa ilibomolewa kupisha majumba ya Michenzani. Ng'ambo, wazee ni karibu kila kitu.

Mombasa inashabihiana na Ng'ambo kwa jambo hilo, hasa Majengo na mitaa kama hiyo: nyumba bila ardhi ipo hadi leo, na upekuzi kwenye msajili wa ardhi utakupa mwenye shamba aliyekaa mbali huku nyumba ikiwa imeuzwa mara nne kwa karatasi za wakili au kwa mashahidi. Lakini Mombasa ina neema ambayo Unguja haina. Sheria ya hati za ardhi ya 1908 iliwataka watu wa mwambao wadai ardhi zao ili wapewe vyeti, na mchakato huo uliacha majalada ya madai na matangazo. Gazeti rasmi la serikali linalotoka tangu 1899 linasomeka bure mtandaoni, na unaweza kulitafuta kwa jina. Kwa Mji wa Kale wa Mombasa ningeanzia hapo, nikiwa nyumbani, kabla ya kwenda Fort Jesus kuuliza ofisi ya uhifadhi.

Dar es Salaam ni habari nyingine. Wajerumani walianzisha daftari la viwanja, na mafaili yao yako Nyaraka za Taifa, Upanga, kwa Kijerumani, mengine kwa mwandiko wa mkono ambao hata Mjerumani wa leo huusoma kwa taabu. Baada ya Waingereza kuingia mwaka 1916, mali za Wajerumani zilichukuliwa kama mali za adui na kuuzwa, nyingi zikanunuliwa na Wahindi. Kisha sheria ya 1971 ikachukua majengo ya kupangisha yenye thamani ya zaidi ya shilingi 100,000 na kuyaweka chini ya Msajili wa Majumba, aliyeunganishwa na Shirika la Nyumba la Taifa mwaka 1990. Basi kwa ghorofa la Uhindini au Upanga, uliza Shirika kwanza. Kwa nyumba ya vyumba sita na ukumbi wa kati kule Kariakoo, uliza familia.

Ukiwa mbali

Aliyeko Muscat, London au Toronto hawezi kukaa baraza ya Malindi, lakini ana kitu ambacho aliyeko Unguja hana: sanduku. Familia nyingi zilizoondoka 1964 zilichukua karatasi kuliko vyombo. Anza na lile la bibi. Tafuta hati zenye muhuri, risiti za kodi, barua zilizoandikwa anuani ya mtaa, na picha zenye ukuta nyuma ya watu. Mtu aliyepo mjini anaweza kuitambua nyumba kwa roshani au kwa ngazi. Mkusanyo wa Winterton wa Chuo Kikuu cha Northwestern, Marekani, una maelfu ya picha za Afrika Mashariki kuanzia miaka ya 1860, nao unatazamika bure mtandaoni.

Hati za Kiarabu zipeleke kwa mtu anayejua lugha ya makadhi. Kiarabu cha shule hakitoshi, na programu za kutafsiri hazisomi mwandiko huo. Piga picha pande zote mbili za karatasi: mauzo ya pili, malipo ya rehani na majina ya mashahidi mara nyingi yaliongezwa nyuma. Ukishapata majina na mtaa, hapo ndipo umtafute mtu wa kukupandia Kilimani.